Hadithi za Durga zilivyonirudishia mkono, Garissa wakati wa shifta

Wakuu, salaam aleikum, na kwa wasio wa salamu hiyo, habari za kwenu.

Kuna mwalimu wa yoga aliuliza humu kama ni sawa kufungua somo kwa hadithi za miungu wa kike wa Kihindu, ilhali wanafunzi wake ni Waislamu na watu wa kanisa. Mmemjibu kwa ukali. Mimi ni Msomali wa Garissa, babu wa wajukuu kumi na mmoja (nimewahesabu tena sasa hivi, ni kumi na mmoja). Nitamjibu kwa yaliyonipata, bila kuongeza chumvi.

Ilikuwa wakati wa vile vita redio ilivyoviita vya shifta, miaka ya sitini. Nilikuwa kijana, dalali wa mifugo.

Kwa wasiojua: sokoni kwetu bei haikutajwa kwa mdomo. Dalali na mnunuzi waliingiza mikono ya kulia chini ya shuka, wakabanana vidole, na vidole ndivyo vilivyosema bei. Ukiachia kabla ya kukubaliana, umekataa. Biashara imekufa. Na mkono wa kushoto usithubutu kuuleta.

Siku moja lori letu la mifugo lilipigiwa risasi njiani. Tukaruka wote. Risasi hazikunigusa hata moja. Ardhi ndiyo iliyonipata, kwenye bega la kulia.

Baada ya miezi miwili bega lilikuwa limekauka kama ngozi ya mbuzi juani. Mnunuzi akinivuta vidole, maumivu yanapanda hadi sikioni, naachia. Wiki moja niliachia mara nne. Mwenye ng'ombe mmoja akasema mbele ya soko zima, "Waryaa, kijana, wewe ni dalali au mlango mbovu? Ukiguswa tu unafunguka!"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nyumbani, Hooyo, yaani mama yangu, na dada zangu wawili walikuwa wakila kwa mkono huohuo.

Aliyenisaidia ni Kantaben, mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa. Kila alasiri, kabla ya kafyu, alifundisha yoga kwenye baraza ya nyuma, na mwanafunzi wake alikuwa mumewe tu. Aliniona nikishindwa kupokea gora la kitambaa.

"Wewe kuja nyuma. Bega yako nalala, tutaamsha."

Nikauliza masharti kwanza. "Mama, itabidi niombe mungu wako?"

"Hapana. Wewe omba Mungu yako. Mimi nataka mkono tu."

Nilikubali haraka kuliko kawaida yangu.

Kila mkao ulikuwa na hadithi yake. Wangu ulikuwa wa Durga, mungu wao wa kike mwenye mikono mingi: miguu mbali, magoti yamekunjwa, mikono inapanda, wa kulia ukitambaa ukutani kwa vidole. Pepo mwenye umbo la nyati aliwashinda miungu wote, basi kila mmoja akampa Durga silaha yake. Mkono mmoja, silaha moja, pumzi moja ndefu. Upanga. Upinde. Mkuki. Mikono ya Durga ikiisha, unapumzika.

Nikahesabu: minane. Kesho yake, minane. Wiki iliyofuata, kumi. Nikarudia kichwani. Kumi.

"Mama, juzi huyu dada alikuwa na mikono minane."

"Ndiyo. Leo kumi."

"Miwili imetoka wapi?"

"Wengine nasema kumi, wengine kumi na nane. Wewe pumua."

Mumewe alicheka hadi akaanguka. "Pole, ndugu. Mimi naongezewa mikono ya huyu Durga tangu harusi."

Hooyo akasikia. "Waryaa, unakwenda kusujudia sanamu?"

"Hakuna sanamu, Hooyo. Kuna ukuta, na mwanamke wa hadithi anayepigana na nyati."

Siku tatu alinisimamia kila niliposwali.

Siku tulipofika kumi na nane, nilikuwa nikisubiri Kantaben akosee hesabu nimkamate. Hakukosea. Nikatazama juu: kiganja cha kulia kilikuwa sawa na cha kushoto. Nilihangaika na mikono ya Durga hadi nikasahau kuuogopa wangu.

Wiki hiyo mnunuzi kutoka bara alinibana chini ya shuka hadi jasho likamtoka. Sikuachia. Yeye ndiye aliyepandisha bei.

Jioni nikaswali nyumbani. Kwenye takbira ya kuanza swala niliinua mikono yote miwili hadi masikioni, mara ya kwanza tangu lile lori. Nilipotoa salamu ya kumaliza swala nikamkuta Hooyo nyuma yangu anafuta machozi.

Asubuhi alikwenda dukani mwenyewe na kibuyu cha maziwa ya ngamia. Akamwambia Kantaben, "Haya ni ya mkono wa mwanangu. Asante. Hadithi zako baki nazo."

"Sawa, mama. Na magoti yako je?"

Hooyo akatazama magoti yake. Akatazama mlangoni kama kuna anayeona. Akapita nyuma.

Nilichojifunza, mwalimu: sema wazi kwamba ni hadithi, sema ni ya nani, na Mungu wa kila mtu mwachie mwenyewe. Kantaben alifanya hivyo, nami namshukuru hadi leo, kila ninapofikia kitu kilicho juu ya rafu.

Uwanja ni wenu, wakuu. Anayepinga apinge, ila avute kwanza pumzi moja ndefu.