Jiko Lililoshinda Mkoa

Garissa ya miaka ya tisini ilikuwa na watu waliofuga ngamia, watu waliouza ngamia, na Mwalimu Korane, ambaye alifuga mashindano. Alifundisha sayansi katika shule moja ya upili pale mjini. Kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe, aliwatafuta wanafunzi wenye wazo, akalinoa lile wazo mpaka likang'aa, kisha akawapeleka kwenye shindano la mkoa la miradi ya vijana ya kutunza mazingira. Na kila mwaka walirudi na cheti cha kushiriki. Vyeti hivyo alivibandika kwenye ukuta wa maabara, na maabara yenyewe, tukiacha maringo, ilikuwa ni ukuta huo pamoja na meza.

Si kwamba mtu huyu hakujua kazi yake. Aliwasimamisha vijana juu ya kreti ya soda nyuma ya darasa, yeye akajifanya jaji, akakunja uso, akapiga miayo, akawauliza maswali ya kuudhi mpaka wakazoea kuudhiwa. Aliwafundisha kwamba jibu la mbele ya jaji lina sehemu tatu: hoja, ushahidi na shukrani. "Jaji hana moyo," aliwaambia. "Ana kalamu."

Bahati ndiyo iliyomkimbia. Mwaka mmoja walipeleka sanduku la kupikia kwa jua, likaivisha yai moja, lakini jaji mmoja akasema kwamba kwa joto la Garissa yai hilo lingeiva hata mfukoni. Mwaka uliofuata walipeleka miche ya migunga iliyokuzwa kwa maji yaliyobaki baada ya watu kutawadha msikitini. Wazo zuri, la heshima, lisilopoteza tone. Asubuhi ya mashindano mbuzi wa mwenyeji waliingia ukumbini kabla ya majaji. Korane aliwaomba majaji wavipe alama vishina, nao hawakuona sababu. Walioshinda mwaka ule walikuwa na mtambo wa gesi ya samadi ya ngamia ambao haukuwaka hata kidogo, ila mchoro wake ulikuwa na rangi nne.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, na Korane hakukubali. Alikuwa na hamu moja tu duniani, na hakuificha: kuipeleka timu yake Nairobi, kwenye fainali ya taifa, japo mara moja, kabla hajahamishwa au kuzeeka.

Mwaka wa tisini na tano akaja Deka. Alikuwa kidato cha tatu, msichana wa maneno machache, ambaye mama yake, Ramlo, alimlipia karo kwa kuuza maziwa ya ngamia sokoni. Wazo la Deka lilitoka jikoni kwao. Mji ulikuwa umekua, vichaka vilivyouzunguka vimekatwa, na mikokoteni ya punda iliyoleta kuni ilitoka mbali zaidi kila mwaka. Yeye akafinyanga jiko la udongo wa kichuguu uliochanganywa na samadi ya punda, lenye mdomo mwembamba unaokula kuni kidogo kidogo. Chini yake akaacha upenyo, na ndani ya upenyo akatia sinia aliyoikata kutoka kwenye debe la mafuta ya kupikia. Chungu kikikaribia kuiva, unavuta sinia na kutoa makaa yenye moto.

Walilijaribu nyuma ya darasa. Lilitumia nusu ya kuni za mafiga matatu, na Korane akapata usingizi mtamu usiku ule. Kesho yake akaamka na wazo, jambo ambalo kwa mwalimu wa mashindano ni kama homa. Aliuziba ule upenyo kwa udongo, akaiweka sinia kando, akawasha tena. Sasa makaa yalibaki ndani yakaendelea kupika mpaka yakawa majivu, na kuni zilizotumika zilipungua tena. Namba ilikuwa nzuri hadi akaipima mara ya pili kwa kuogopa kwamba anajidanganya.

"Maalim," Deka alisema, "makaa ni ya vyombo."

Hapa inabidi jambo lielezwe, kwa sababu Korane mwenyewe hakulielewa. Maziwa ya kwetu hayatiwi katika chombo hivi hivi tu. Chombo husukwa kwa nyuzi za mizizi, huoshwa, kisha mwanamke hutia ndani makaa ya mti aliouchagua, akafunika, akatikisa, akamwaga, akapangusa. Moshi huo ndio unaofanya maziwa yafike sokoni na kukaa mpaka jioni bila kuharibika, na ndio unaoyapa ile ladha ambayo watu wakiwa ugenini huiota. Korane alikuwa ameyanywa maziwa hayo tangu hana meno, na aliamini ladha inatoka kwa ngamia. Mwanamume wa kwetu atakutajia nasaba ya ngamia mpaka bibi wa saba, lakini yanayotokea kati ya kuosha chombo na kukamulia hayamhusu, na wala haulizi.

Basi akamjibu Deka kwamba jaji hana vyombo. Jaji atapima kuni kabla na kuni baada, aseme ahsante, aende meza nyingine. Akamwambia kwamba mambo ya moshi wa maziwa ni ya nyumbani, na pale hawaendi nyumbani, wanaenda mashindanoni. Deka alimtazama, akaitazama ile sinia, akasema, "Sawa, maalim." Korane ni mwalimu wake. Ulitaka aseme nini?

Walishinda. Hakuna haja ya kulizungusha. Jiko lisilo na upenyo liliwaacha wote nyuma, Deka akajibu kwa hoja, ushahidi na shukrani, na jaji mkuu, bwana mmoja mnene kutoka Nairobi aliyeteseka sana na jua, akatangaza jina la shule yao kwenye kipaza sauti kilichokoroma. Korane alifurahi mpaka akaona haya. Alilibeba kombe kwa mikono miwili toka ukumbini hadi shuleni, akiwasalimia hata watu aliokosana nao.

Lilibaki sharti moja tu kabla ya Nairobi. Majaji walitaka kuona mradi ukifanya kazi katika nyumba ya kweli, si nyuma ya darasa. Wangekuja baada ya majuma machache, wapime kuni nyumbani, na hesabu ikilingana na ile ya mashindano, timu iende kwenye fainali mwezi wa Agosti. Korane hakuona tatizo. Jiko likajengwa nyumbani kwa Ramlo, mama yake Deka. Mafiga yake matatu yaliondolewa, na mwanamke yule akashukuru, kwani mwalimu wa mwanao akikuletea zawadi huiulizi ina kasoro gani. Korane naye akampelekea fundi kitambaa ashone suti ya Nairobi.

Akawa anapita kila baada ya siku mbili tatu kuulizia hali ya jiko, kama mtu aliyeoza binti. Alisimama uani, akatoa salamu, akauliza.

"Jiko mzuri, maalim," Ramlo alimjibu kila mara. "Inabika."

Na lilipika kweli, Ramlo hakusema uongo. Alimpa chai ya rangi. Siku nyingine akampa tena chai ya rangi. Katika nyumba ya muuza maziwa, mwalimu wa sayansi alikunywa chai ya rangi majuma mawili mfululizo na hakujiuliza swali hata moja.

Kisha Deka akaacha kuja shule. Siku ya kwanza Korane alidhani ni malaria. Siku ya pili akadhani ni malaria kali. Siku ya tatu, katikati ya asubuhi, alipokuwa ametumwa mjini na mwalimu mkuu kununua chaki, akamkuta Deka akipita mlango kwa mlango na ndoo ya maziwa, kitambaa cha sare bado kichwani.

Alimuuliza kwa ukali kidogo kwa nini anauza maziwa wakati wenzake wako darasani. Deka akaiweka ndoo chini. Akamweleza, bila hasira, kwamba jiko halitoi makaa. Mwanzoni mama yake aliomba moto kwa jirani, Saynab, lakini Saynab naye ana vyombo vyake, na moto wa kuomba kila jioni unachosha anayeomba na anayetoa. Vyombo vikawa vinafukizwa nusunusu. Maziwa yakaanza kuharibika kabla ya adhuhuri, na Ogle, mwenye hoteli, aliyeyachukua kila siku kwa miaka, akayarudisha. Sasa yalipofika tu asubuhi ilibidi yauzwe mbio, mmoja sokoni na mmoja milangoni.

"Mbona mama yako hakuniambia?"

"Alinikataza kukuambia. Alisema utaaibika mbele ya wageni wako." Akaiinua ndoo. "Mimi nilishakuambia, maalim. Kabla."

Korane alibaki amesimama barabarani na chaki zake. Iliuma, na iliuma zaidi kwa sababu msichana hakuwa amekusudia imuume.

Lazima isemwe pia kwamba alifikiria mambo mabaya. Majaji walikuwa wanakuja Alhamisi. Akafikiria kwamba akinyamaza tu, Alhamisi itapita, Agosti itafika, Nairobi wataiona, kisha jiko litarekebishwa kwa raha zake. Agosti si mbali. Lakini maziwa hayangoji Agosti, wala Deka. Alikuwa amefundisha miaka ya kutosha kujua kwamba msichana anayekosa shule wiki moja hurudi, na anayekosa muhula huolewa. Akaitafuta njia ya kupata vyote viwili, akaitafuta tena usiku, hakuiona. Ukiufungua upenyo, makaa yatatoka, kuni zitaongezeka, hesabu haitalingana, na kombe litabaki kuwa kombe tu.

Jumatano alasiri alifika kwa Ramlo na panga na sinia mpya ya bati. Alimwomba radhi mbele ya binti yake. Ramlo aliinamisha kichwa akasema hakuna kosa, jiko lilikuwa mgeni, na mgeni hafukuzwi. Korane akasema mgeni huyu atatobolewa leo.

Ila jikoni mwa watu si mahali pa mwanamume. Ikabidi Deka aingie na panga, naye Korane akae nje juu ya mtungi wa plastiki na kumfundisha kazi kupitia ukutani. Akamwambia akate juu zaidi, kisha akate chini zaidi, kisha akumbuke pembe. Hakuwa anaona chochote. Baada ya muda Ramlo akatoka, akamwambia kwa upole kwamba chai iko karibu, na ingekuwa vizuri kama angeingojea akiwa kimya. Akaingojea chai.

Alhamisi majaji walikuja kwa gari la shirika lililoandaa mashindano, jaji mkuu mbele, jasho likimtiririka. Walipima kuni, Ramlo akapika, wakapima zilizobaki. Jaji akarudia kupiga hesabu, akamtazama Korane, akasema hili si jiko lililoshinda.

"Silo," Korane alikubali. "Lile lilikuwa bora mashindanoni. Hili ni bora hapa."

Jaji akasema anasikitika, na huenda alisikitika kweli, lakini kanuni ni kanuni, nafasi ya Nairobi itakwenda kwa waliofuata. Akapiga mstari kwenye karatasi yake. Korane aliutazama ule mstari mpaka ulipofika mwisho.

Kisha, kwa kuwa walikuwa wageni, wakaletewa maziwa. Jaji alikunywa kikombe kimoja kwa adabu. Cha pili alikiomba mwenyewe. Akauliza nini kinatiwa humo ndani, maana ameshakunywa maziwa mahali pengi na hajakutana na kitu kama hiki.

"Moto," Deka alisema. "Tunatia moto."

Lilikuwa jibu lisilo na ushahidi wala shukrani. Korane, aliyetumia muhula mzima kumfundisha namna ya kumjibu jaji, alijifanya anahesabu kuni zilizobaki. Jaji akaitazama ile sinia yenye makaa, akavitazama vyombo vilivyopangwa kando yake, akaonekana ameelewa jambo. Akaitazama karatasi yake pia. Akasema ni bahati mbaya, haina sehemu ya maziwa.

Gari lilipoondoka Korane alirudi nyumbani kwa miguu. Huzuni ya Nairobi ilikuwa huzuni ya kweli na asingependa mtu amwambie vinginevyo. Alipita kwa fundi, suti ilikuwa tayari, akaichukua, maana kitambaa kikishakatwa hakirudi dukani.

Jumatatu Deka alikuwa amekaa dawati la mbele, daftari limefunguliwa. Kabla kipindi hakijafika nusu, kina mama wawili wa mtaani kwao walikuja wakasimama mlangoni, kila mmoja na ndoo ya udongo wa kichuguu, wakamuulizia binti Ramlo. Mwalimu Korane akatoka, akawasalimu kwa heshima, akawaomba wangoje kivulini, kemia haijaisha.