Majani ya Ng'ombe wa Mahari

Ipo siku moja haijanitoka kichwani, mjukuu wangu, ya ujana wangu hapa hapa Sapiwi, na orodha yako ya maneno ya Kiingereza na Kireno ndiyo imeiamsha. Unasema kesho wageni wa Msumbiji wanakuja kuiona ngitili yetu, malisho haya tunayoyafunga yaote hadi kiangazi, wewe ndiye mkalimani, na hujui uchague neno lipi: kulinda, kutunza, kuhifadhi au kuweka akiba. Kaa nikusimulie, utachagua mwenyewe.

Baba alikuwa ameifunga ngitili ile tangu mvua zianze. Ng'ombe haingii pale mpaka kiangazi kikaze na majani ya kwingine yaishe. Mlinzi nilikuwa mimi. Mwaka huo nilikuwa nimeshachumbia, na ng'ombe wa mahari wamo zizini. Basi akapita baba mkwe na kundi lake, akayasifu majani. Nami, kwa kupenda sifa, nikamwambia, "Waingize, baba, hapa ni kwako."

Walikula siku tatu. Nilijiona mwanaume kweli kweli.

Baba aliporudi kutoka safari yake ya Mwandoya hakunipiga. Alisema tu, "Umegawa majani ya mwezi wa kumi, na mwezi wa kumi utakuja."

Ukaja. Ng'ombe wetu wakakonda, mbavu nje. Wakwe walipofika kuchukua mahari, baba mkwe yule yule akawazunguka, akawapapasa, akasema, "Hawa hatuondoki nao. Tutarudi wakinenepa." Aibu ile ilinila. Nilimsubiri bibi yako hadi mvua nyingine, na mpaka leo ananicheka.

Tangu hapo ngitili naifunga mimi, na sijaifungua kabla ya wakati wake, hata jirani aninunie. Miti yote unayoiona pale imeota yenyewe. Najivunia, wala sifichi. Watu hawavuki nchi kuja kutazama upuuzi.

Sasa sikiliza, mjukuu wangu. Kulinda ni kumzuia mwizi, na hilo nililiweza. Kuhifadhi ni kumzuia hata unayempenda, kwa ajili ya siku ambayo haijafika, na hilo ndilo lilinishinda. Watafutie neno la Kireno lenye maana hiyo. Na wewe mwenyewe ukikabidhiwa kitu cha nyumba nzima, jifunze kusema hapana kwa upole, hasa kwa mtu unayetaka akusifu.

Mungu akupe ulimi mwepesi kesho. Na akujalie mchumba ambaye ng'ombe wake nitawapokea siku hiyo hiyo.