Dakika Nane za Bi Mbarika

Wenzake walimwita Bi Mbarika, wala si kwa ubaya. Miaka kumi na tisa ya ufundi wa maabara alikuwa akiyageuza mafuta ya mbarika kuwa polima, plastiki laini ya kufunikia vidonda vya moto. Alinuka mafuta toka nywele hadi viatu. Siku waliyogombana, mwanawe wa pekee alimwambia, "Mama, mafuta yako ndiyo mwanao. Mimi mpangaji tu." Akabeba begi, akaenda zake. Miaka miwili, kimya. Hata salamu!

Msimwone mama asiyejali. Mwezi uliopita alimeza kiburi, akamwandikia: "Nimekosa, baba. Nipigie saa yoyote, nitapokea." Tangu hapo simu alilala nayo, akala nayo, akaingia nayo bafuni. Nyumba vyumba vitatu, mtu mmoja. Alifikia hatua ya kuamkiana na birika. Cheka ukitaka, yeye alikuwa anaumia.

Jumamosi ile aliingia kazini peke yake. Daktari wa wodi ya walioungua alitaka utando wa kwanza wa kumfunika mgonjwa Jumatatu, na mafuta yaliyosafishwa yalibaki ya kutengeneza mmoja tu. Aliyakausha tangu asubuhi, maana tone la maji likibaki, utando hujaa mapovu na haufai tena. Kisha akamimina kigumishi. Ukishamimina, ndugu yangu, umeingia: dakika nane za kukoroga mfululizo, la sivyo yanakugandia mkononi.

Dakika ya pili, simu ikalia mezani. Jina la mwanawe.

"Mungu wangu, sasa hivi?"

Mkono mmoja mwiko, mwingine chombo, glavu zote zimelowa dawa kali. "Subiri kidogo tu, baba," akaiambia simu, huku anakoroga. Ikalia mpaka ikakata. Ikalia tena. Machozi yakamtoka, akageuza uso haraka yasidondokee ndani. Mara ya tatu haikulia.

Alipomaliza kumimina utando kwenye sinia lake, alizivua glavu karibu azichane, akapiga. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Akatoka nje kutafuta hewa, na mlinzi wa getini akamwona.

"Ala! Kumbe umo ndani, mama? Mwanao alikuwa hapa. Nilikuwa ndio kwanza naingia zamu, nikamwambia sijui kama upo. Akasema ngoja nimpigie. Kapiga mara mbili."

"Yuko wapi?"

"Wameondoka. Gari lao la safari lilikuwa linawasubiri."

"Wameondoka na nani?"

"Yeye na mkewe na mtoto. Mchanga kabisa, hata shingo haijakaza." Mlinzi akatabasamu mpaka magego. "Hongera, bibi!"

Bi Mbarika akasema ahsante. Hakujua kama mjukuu ni wa kike au wa kiume, na aliona haya kumwuliza mlinzi.