Nilipokuwa Mama wa Nyanya Yangu

Juzi mjukuu wangu alinitumia kwenye simu picha yangu ya utotoni, nimevaa sare ya shule, magoti yamejaa vumbi. Chini yake aliandika neno moja la Kiingereza, throwback. Nilipompigia kumuuliza maana yake, akaniambia ni kurudi nyuma, kukumbushana ya zamani. Nilicheka mpaka nikakohoa. Sisi watoto wa Kindu tuliwahi kurudishwa nyuma kwa amri ya serikali!

Kama ulikuwepo enzi za Zaire, unakumbuka. Wanaume walivua tai, majina ya ubatizo yakapigwa marufuku, kila mtu akaambiwa arudie asili ya mababu. Ijumaa moja, tulipokuwa tungali tunatokwa jasho kwa nyimbo na ngoma za chama tawala, mwalimu alitangaza kwamba Jumatatu asiye na jina la ukoo haingii darasani. Mimi nilikuwa Bernadeta tu, binti wa mfanyakazi wa reli. Na shule niliipenda kuliko wali kwa samaki, nawe unaujua wali wa kwetu.

Majina ya ukoo aliyajua nyanya peke yake, nkambo kama tulivyomwita, aliyetoka Pangi. Nilimkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuacha hata kutwanga.

"Jina ya mufu, mwalimu haiombake," alisema.

Jumamosi yote nilimfuata kama mkia. Nikachota maji, nikafagia uwanja, nikachochea moto, lakini jina hakulitoa. Jumapili, mawese yakinukia chunguni, nikashindwa kujizuia, nikalia kwa sauti. Hapo ndipo alipoweka mwiko chini.

"Jina iko moja tu, Wabiwa. Njo jina ya mama yangu. Alikufa miye niko mutoto mudogo. Nikikupa, watakugombeza nayo kila asubui. Nitasikiaka aje mama yangu anatukanwa?"

Nikaapa hakuna atakayemtukana. Baba akaapa, na mama pia. Nkambo akaniosha uso kwa maji ya baridi, akaniita Wabiwa mara moja, polepole, kisha akageuka akajifuta machozi kwa pembe ya kitenge.

Jumatatu niliingia darasani kifua mbele. Lakini raha yenyewe ilikuwa nyumbani, maana kwa desturi yetu anayebeba jina hubeba na heshima yake. Nkambo akawa mtoto wangu! Kichwa cha samaki, kipande cha wakubwa, kikawa changu. Akitaka kuvuka mto kwenda Alunguli, alisimama mlangoni na kikapu chake: "Mama, niende ku soko?" Jirani yetu alicheka hadi akashika ubavu. Nami nikamjibu kwa uzito wote, "Enda, mutoto yangu, usikawie." Na kweli hakukawia.

Mama yangu naye alitimiza kiapo kwa akili yake. Alipokasirika aliniita Bernadeta. Jina lililokatazwa nchi nzima likaishi kwetu kwa kazi ya fimbo tu, na nikilisikia nilitimua mbio kabla ya kuuliza kosa.

Baadaye amri ikalegea, majina ya kanisani yakarudi, na leo wote wananiita Bernadeta. Ni jina zuri, ingawa bado linanishtua miguu. Nkambo amelala Pangi, na ule uwanja wetu umejengwa nyumba za watu wengine. Nimezaa, nimepata wajukuu, naitwa mama kila upande. Lakini hakuna tena anayesimama mlangoni na kikapu, akingoja nimruhusu aende sokoni.