Muuza Miche wa Troyeville

Muuza miche wa Troyeville, mtaa wa jiji lililo kusini kabisa mwa Afrika, hana haraka na mteja. Kwanza hukuuliza jua linafika saa ngapi pale unapotaka kupanda, na asubuhi za Julai, katikati ya majira ya baridi, jalidi, ule umande ulioganda, huyeyuka saa ngapi. Ukikosa jibu, hukurudisha nyumbani ukaangalie. Vidole vyake ni vinene, vimepasukapasuka, na hauzi mche kabla hajauchomoa kwenye mfuko akaipapasa mizizi yake, macho ameyafumba.

Apondi alirudishwa mara mbili. Mara ya tatu alikuja na majibu yote: ua wake uko kusini mwa ghorofa, jua la huku hupita kaskazini, haliufikii, udongo umejaa vifusi, na jalidi hukaa hadi saa nne. Hata hivyo alikuwa ameshakumbatia mche wa parachichi. "Huyu atakufa na baridi ya kwanza, mama," muuza miche alisema kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi. "Ni wa nini?" Apondi akajibu, "Ni wa binti yangu, Papa. Aliishi siku mbili. Nilitaka kitu cha nyumbani." Muuza miche aliutoa mparachichi mikononi mwake taratibu, akaenda nyuma ya banda, akarudi na mzeituni pori mfupi, majani yake yameungua ncha. "Huyu alilala inje baridi yote," alisema. "Huyu hautamuzika." Apondi akalia, kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Muuza miche alimsogezea kiti, akachukua kopo lake la maji, akawa anamwagilia miche iliyokuwa karibu naye mpaka Apondi alipomaliza kulia.