Godoro Lisiloshika Moto

Mjukuu wangu alikuwa na miezi saba alipokatazwa kugusa sakafu ya nyumba yangu. Aliyemkataza ni mama yake, binti yangu mwenyewe, na hakutamka neno. Alikuja kwangu Mitwero siku ya Ijumaa, akanipa shikamoo, akaketi kwenye mkeka barazani na mtoto mapajani. Mtoto yuko kwenye umri wa kutambaa, anajinyonganyonga ashuke, mama yake anamrudisha. Nikatandika kanga sebuleni, nikasema amlete. Akajibu kwamba mtoto yuko sawa hapo alipo. Ikawa hivyo safari mbili, na ya tatu nikakasirika. Mimi nafagia nyumba yangu alfajiri na alasiri, mtaa mzima unajua, sikuzaa mtu aje kunionyesha kwamba kwangu ni kuchafu.

Nikamwuliza kama hiyo kazi ya afya aliyoajiriwa mjini ndiyo iliyomfundisha kumwonea kinyaa mama yake. Aliingia sebuleni, akaliinamisha kochi la marehemu baba yake, akanionyesha kitambaa kidogo cha maandishi kilichoshonwa chini.

Kitambaa hicho nakijua. Mume wangu alinunua seti nzima ya makochi kwa mgeni aliyekuwa amemaliza kazi kisiwani Songo Songo anarudi kwao, akayavusha kwa boti, watu wakaja kuyakalia kwa zamu. Kitambaa chake cha Kiingereza sikukikata miaka yote, maana ndicho kilichothibitisha kwamba mali ni ya nje. Kukisoma, hakuna aliyekisoma. Mume wangu alipofariki, kochi refu lilikuwa limevunjika mbao, lakini sponji yake bado nene. Kwa hiyo binti yangu alipokuja kwangu kujifungua na kukaa arobaini, kama ilivyo desturi kwa uzazi wa kwanza, nikaikata ile sponji nikamshonea mtoto godoro.

Siku moja nafukiza udi chumbani kwa mzazi, kaa la moto likadondoka kutoka kwenye chetezo, likaangukia godoro. Mtoto alikuwa mikononi mwa mama yake, Alhamdulillahi. Nilijua nyumba imeungua. Wapi! Kaa lilitoboa kitambaa, likaacha doa jeusi kwenye sponji, likazimika. Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Nilizunguka mtaa mzima nalisifu godoro lisiloshika moto. Wenye watoto wachanga wakaniomba, nami simnyimi mtu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nikakata mito mitano, nikaigawa nyumba tano. Makombo yaliyobaki yakawa unga wa manjano, nikawa naufagia kwa miezi.

Binti yangu alinisomea kitambaa, kwamba sponji imetengenezwa isishike moto, kisha akasema taratibu:

"Mama, sponji haikatai moto yenyewe. Imetiwa dawa. Na dawa hiyo haitulii mle ndani, inatoka na vumbi kadiri sponji inavyochakaa."

Vumbi hukaa sakafuni, akaeleza, na anayetambaa sakafuni na kutia vidole mdomoni ni mtoto. Wataalamu wanahofia kwamba dawa za namna hiyo zinavuruga ukuaji. Nikamwuliza kama mjukuu wangu ataugua. Akasema hajui, na hakuna anayeweza kujua kwa mtoto mmoja mmoja; ila godoro alishaliondoa na kulifunga kwenye nailoni. Alikuwa ameshindwa kuniambia kwa kuwa nililishona kwa mkono wangu. Hilo liliniuma kuliko habari ya dawa.

Nilinuna siku mbili. Nilimkasirikia yule mgeni, nikamkasirikia marehemu, nikamkasirikia binti yangu kwa kusoma. Siku ya tatu nikakumbuka mito mitano, iliyo chini ya vichwa vya watoto wa watu kwa sababu ya sifa zangu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaagiza gunia la sufi kwa wifi yangu Kilangala, nikaketi kuchambua mbegu mpaka pua zikaziba, nikashona mito mingine mitano.

Kazi ilikuwa kuipeleka. Kwetu mtu akidai zawadi aliyokupa, ujue amekuvunjia udugu. Nyumba nne walinisikiliza, mmoja akanitania kwamba juzi mto ulikuwa wa ajabu, leo umekuwa wa balaa. Nyumba ya tano ni ya mama kijana. Aliuchukua mto kitandani, akaukumbatia kifuani kabla ya kunipa.

"Bibi, kwani nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mwanangu. Mimi ndiye niliyekukosea."

Nikalia pale pale mlangoni, mtu mzima mimi. Yeye ndiye aliyenibembeleza.

Nilitaka kuichoma sponji yote shimoni pamoja na taka. Binti yangu akanikataza, moshi wake ni mbaya zaidi. Nimeifunga kwenye nailoni, imo stoo ya uani hadi leo, na kila ninayemwuliza ipelekwe wapi ananiambia atauliza.

Likabaki kochi la marehemu, la mwisho katika ile seti. Mkono wake wa kulia umechubuka pale alipokuwa akiegemeza kiwiko akivuta tasbihi baada ya alasiri, na kwenye huo mchubuko sponji ilikuwa inachungulia. Tangu afe sikumruhusu mtu kulikalia. Nililikalia mimi mara ya mwisho, nikamwomba radhi, kisha jirani akanisaidia kulitoa hadi stoo. Sebule nikaipiga deki kwa kitambaa chenye maji, kona kwa kona, siku tatu mfululizo. Ufagio sikuushika, usije ukatimua vumbi.

Ijumaa iliyofuata binti yangu alifika, akasimama mlangoni, akapatazama pale palipokuwa na kochi. Alivua viatu, akaingia, akamshusha mtoto sakafuni.

Mtoto akatambaa moja kwa moja hadi pale palipokuwa pa babu yake, akaipiga sakafu kwa viganja, kisha akatia vidole mdomoni. Tukatazamana, mimi na mama yake. Hakuna aliyemzuia.