Mstari Ulionifuata Hadi Kwenye Mazuku

Asifiwe Mungu Baba, aliyenivusha vita nyingi kiasi kwamba siku hizi nikisimulia, vijana wananiuliza ipi ilitangulia ipi. Asifiwe kwa kunipa uzee na kwa kuniachia kumbukumbu, hata zile ambazo ningemshukuru zaidi kama angezichukua. Hii ninayowaeleza ni mojawapo, na nina aibu nayo. Nimekuwa katekista karibu maisha yangu yote, nimesimama mbele ya waumini nimenyooka kama mshumaa wa Pasaka, na bado wapo watu Goma hii walioniona asubuhi moja nimelowa suruali mbele ya umati. Tena kulowa si kubaya sana. Kubaya ni kwamba mwanzoni hakuna aliyecheka.

Ilikuwa wakati ule tulipokimbia kutoka upande wa Rumangabo, mimi na mke wangu Mama Kavira, tukaishia Kibati, tukasimamisha kibanda cha hema juu ya mawe meusi ya volkano. Sisi tulikuwa tumeshazoea pale, lakini kila siku wageni walizidi kushuka barabarani na magodoro kichwani, wengine kutoka mbali sana, watu wasiojua mlima wetu wala tabia zake.

Asubuhi hiyo niliamka nikiwa na haja ndogo (mkifika umri wangu mtajua kwamba haja ndogo si ndogo). Ukungu ulikuwa umelala chini, baridi imeingia hadi kwenye meno. Kambani nje ya kibanda kulikuwa kumening'inia jile la mpwa wa mke wangu, kile kizibao cha rangi ya chungwa chenye mistari inayong'aa, maana kijana huyo alikuwa motari, akibeba abiria kwa pikipiki, kabla watu wenye bunduki hawajamnyang'anya pikipiki yake. Nikalivaa. Kwa ajili ya baridi, basi, hakuna lingine.

Mama Kavira akanitazama kutoka motoni. "Papa Paluku, leo umekuwa nani?"

"Nimekuwa mutu wa kusikia baridi," nikamjibu, nikaenda.

Vyoo vya kambi vilikuwa na watu wengi wakisubiri, na mimi, mtu anayefundisha watoto amri za Mungu, sikupenda kuruka-ruka mguu mmoja mbele ya mama zao. Nikaamua kuvuka barabara niende kule kwenye mawe, karibu na lile shimo ambalo wenyeji hawalikaribii. Nililichagua kwa sababu hiyo hiyo: hakuna ambaye angekuja kuniona. Shimo lile lilikuwa na mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala mabondeni kama maji usiyoyaona. Haina rangi. Asubuhi isiyo na upepo mbuzi huingia kula majani na hatoki, na mtu akipita amesimama pengine atatoka, lakini akikaa chini, usingizi unamchukua na ndio huo wa mwisho. Mimi nilikusudia kubaki juu, mbali na ukingo.

Kando ya barabara nilisimama kupisha malori ya askari. Nilipogeuka nikaona mama mmoja amesimama nyuma yangu, mtoto mgongoni, bidoni ya maji mkononi. Nyuma yake alikuwa baba mwenye koti lililokuwa zuri zamani. Nyuma ya huyo kulikuwa na wengine, na wengine nyuma yao, hadi ukungu ulipowameza. Nikafikiri wanangoja kuvuka kama mimi. Malori yakapita, nikavuka, wakavuka. Nikasimama, wakasimama. Nikainua mkono kuwasalimu, na wote kwa pamoja wakaweka bidoni zao chini. Sauti moja tu, kisha kimya. Hata kanisani, ambako nimewazoeza watu kwa miaka, hawajawahi kunitii hivyo.

"Mama, munaenda wapi?" nikamuuliza yule wa mbele.

"Nyuma yako, shefu."

"Mimi siko shefu."

"Ndiyo, shefu," akasema kwa heshima, akatazama chini.

Yule baba wa koti (baadaye nilijua kwamba alikuwa mwalimu upande wa Lubero, mtu wa kalamu kabisa) akasogeza kichwa akanong'ona, "Shefu, tusaidie kidogo. Leo ni maharagwe ao ni unga?"

"Nyamaza, papa!" yule mama akamkaripia bila kugeuka. "Ni wewe unapenda kuuliza-uliza. Juzi si walisema mulongo wetu uko na kelele, wakafunga mulango?"

Hapo nikaelewa huo mulongo, mstari wao, ulikuwa wa nini. Wenye vizibao vya namna ile ndio waliokuwa wakigawa chakula, na watu hawa walikuwa wamejifunza njiani, kambi hadi kambi, kwamba anayefuata kizibao hula na anayeuliza hupoteza nafasi. Ningeweza kulivua jile palepale. Lakini ndani yake nilikuwa na shati lililochanika hadi kitovuni, na nilikuwa na heshima zangu. Nikasema tu, "Jamani, rudini. Mimi ninaenda porini."

Mwalimu akageuka nyuma akatangaza kwa sauti ya chini, "Shefu anasema ni porini." Nikalisikia neno hilo likipita mdomo kwa mdomo, porini, porini, porini, likazidi kwenda hadi mahali ambapo sikuona mtu tena, ni ukungu tu unaosema porini.

Nikaongeza mwendo. Nao wakaongeza. Kibofu kilikuwa kinanipigia kengele ya mwisho, na nyuma yangu zile bidoni tupu zilikuwa zinagongana taratibu, ko, ko, ko, wala hakuna mtoto aliyelia. Mtoto wa mkimbizi asipolia, ndugu zangu, ogopeni. Basi nilipofika kwenye mwamba mmoja mkubwa nikachepuka ghafla, nikajibanza nyuma yake kama mwizi wa kuku, nikashika kifungo cha suruali. Nikawasikia wakipita upande wa pili, miguu mingi juu ya changarawe. Nikasema moyoni, asante Bwana, wamenipoteza.

Kisha nikakumbuka njia ile inaelekea wapi.

Nilikimbia, na mtu wa umri wangu akikimbia juu ya mawe ya volkano ni Mungu anayemshika mkono. Nilipofika ukingoni, nusu ya mstari ilikuwa imeshashuka shimoni. Walikuwa wameshuka kwa utaratibu, mmoja nyuma ya mwenzake, wamepita karibu na kunguru waliolala chini na mabawa wazi, hakuna aliyewatazama. Chini kabisa, mahali pasipo na upepo, yule mama wa mbele alikuwa amekaa juu ya bidoni yake. Amemshusha mtoto mapajani. Kichwa chake kilikuwa kimeanza kuinama.

"Ndugu zangu!" nikalia. "Nawaomba kwa jina la Yesu, tokeni! Hapa pana mazuku, mutakufa!"

Wakanitazama kwa upole. Mwalimu akajibu kwa niaba ya wote, "Hakuna shida, shefu. Tutangojea."

Niliomba tena. Niliwabembeleza kama ninavyobembeleza watoto wa komunyo ya kwanza, nikawaita wapendwa, na hakuna mguu hata mmoja uliosogea. Ndipo kitu kikatoka kinywani mwangu ambacho sikujua kilikuwa ndani yangu, sauti ile ile ya askari wa vizuizini niliyoiinamishia kichwa miaka yote.

"Nyinyi! Nani aliwapa ruhusa ya kuingia? Mulongo, geuka! Juu, mbio! Atakayebaki hapati kitu!"

Waligeuka kabla sijamaliza. Wa mwisho wakawa wa kwanza, mstari mzima ukapanda bila kusukumana, na mimi nikiwa juu ya jiwe nikielekeza kwa kidole, na (Mungu anisamehe) ilikuwa tamu. Kwa muda mfupi, lakini ilikuwa tamu mdomoni kama sukari.

Yule mama tu hakuinuka. Nikavuta pumzi, nikashuka, nikamnyakua mtoto nikamwinua juu ya kichwa changu kwa mikono miwili, nikampiga mama teke la kiatu pajani. "Amuka! Ni amri!" Akaamka. Kwa amri, akaamka, akanishika nyuma ya jile, tukapanda hivyo, yeye akiyumba, mimi nimezuia pumzi. Na mtu hawezi kuzuia kila kitu kwa wakati mmoja. Katikati ya mteremko kibofu kikasalimu amri. Kilimwagika chote, kikalowesha suruali yangu ya kijivu, miguu yote miwili, hadi ndani ya viatu.

Nikafika juu. Mtoto akavuta hewa, akakohoa, akalia, na kilio kile kilikuwa kizuri kuliko wimbo wa Gloria. Nikabaki nimesimama mbele ya watu wale wote, nimelowa, mvuke unanitoka katika baridi. Walinitazama usoni. Hakuna aliyetabasamu. Nilimwona mwalimu akitazama kidimbwi kilichokuwa kinakua kando ya kiatu changu, kisha akanyanyua macho taratibu, akasema, "Tupange wapi, shefu?"

Niliogopa kuliko nilivyoogopa risasi.

Nikalivua jile. Nililitupa juu ya mawe yale, nikabaki mzee mwenye shati lililochanika na kitovu nje. "Mimi ni Paluku," nikasema. "Nilikuwa ninaenda kukojoa. Nililivaa kwa sababu ya baridi."

Kisha yule mama, ambaye bado alikuwa ameshika kichwa chake, akanitazama juu hadi chini kana kwamba nimefika sasa hivi.

"Papa," akasema, "kumbe ulijikojolea?"

"Ndiyo, mama."

Akaanza kucheka. Alicheka huku anakohoa na kumkumbatia mtoto, na mwalimu akacheka, na nyuma yao mmoja baada ya mwingine, hadi mtu akapaza sauti, "Sasa maharagwe iko wapi, muzee muongo?" na mwingine akanitukana ukoo mzima. Sijawahi kutukanwa nikafurahi hivyo. Walikuwa wamerudi kuwa watu.

Mama Kavira nilipomweleza naye alicheka hadi akakaa chini. Kisha akachochea moto, akasema, "Na ungekuwa mutu mubaya?" Nikachukua suruali yangu, nikaenda kuifua.

Tangu siku ile sijavaa nguo ya kazi ambayo sikupewa. Na nikiona mstari wa watu, popote, hata Munigi kwenye bomba la maji, nawaendea nawauliza, "Munangojea nini? Nani aliwaambia?" Wananiona mzee msumbufu. Acheni waone hivyo.

Wewe unayesoma, Mungu akulinde na mashimo yasiyoonekana, akupe mbele yako mtu mwema wa kufuata, na akikukosesha huyo, akupe ulimi wa kuuliza. Amina.